Miaka Yangu ya Kutembeza Wageni Homa Bay

Vijana niliofanya nao kazi waliponiaga nikistaafu, waliniomba niwaandikie mambo machache ya kuwafaa. Mmoja alitaka nimtajie hoteli nzuri. Hizo mtazipata kwenye simu zenu, na zitakuwa zimebadilisha mpishi kabla hamjamaliza kusoma. Mimi nitaandika jinsi nilivyofundishwa na walionifundisha, kwa sababu sikuzaliwa nikiijua kazi hii, wala hakuna shule niliyoisomea.

Naitwa Awuor. Kwetu ni Suna, nje kidogo ya mji wa Migori. Nilifika Homa Bay nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli ndogo iliyotazama ziwa. Siku ya kwanza, mgeni mmoja aliyekuja kununua samaki wa kupeleka Nakuru alimaliza chai yake akaniuliza, "Dada, gari yangu iko garaji mpaka jioni. Mji wenu una nini cha kuona?"

Nikamjibu nilichoamini. "Hakuna kitu. Labda ziwa."

Akalitazama ziwa kupitia dirishani, akaona ameshaliona, akaagiza chai nyingine.

Mpishi wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyeitwa Min Akoth, yaani mama yake Akoth. Jina lake mwenyewe sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa amenisikia kutoka jikoni. Nilipopeleka vikombe, alinizuia mlangoni.

"Wewe nyar Suna," alisema, maana yake binti wa Suna, "umeambia mgeni sisi ni hakuna kitu?"

"Si nimesema kuna ziwa, mama?"

"Ziwa ni ya Mungu. Yetu ni gani?"

Akaniambia nije kesho yake mapema, na nivae viatu visivyo na kisigino.

Asubuhi hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Alinipeleka ufukweni mashua zikirudi, akanifundisha kumtazama samaki kabla ya kumtazama muuzaji. Jicho liwe angavu na limejaa, si la kuzama. Matamvua yawe mekundu kama pilipili iliyoiva. Ukimbonyeza mgongoni, nyama irudi. Ikibaki shimo, endelea na safari yako. Kutoka hapo tukaenda sokoni, kwa akina mama wa mboga. Osuga, yaani mnavu, alisema, huungwa kwa maziwa na kupashwa tena na tena mpaka uchungu ukubali kuwa utamu. Mrenda, ambao sisi tunauita apoth, usimpe mgeni bila kumwonya kwamba utateleza. Alinionjesha kila kitu. Alipoona nimeshiba akaniuliza, "Sasa mgeni akikuuliza?"

Nikasema, "Nitamwambia anifuate."

"Haya. Rudi kazini, umechelewa." Naye ndiye aliyenichelewesha.

Sheria za meza za Min Akoth bado nazishika. Mgeni apewe ngege, yaani sato, akiwa mzima, kichwa na mkia, na ugali wa mtama kama tumbo lake limezoea, au wa mahindi kama halijazoea. Akiogopa macho ya samaki, geuza sahani kichwa kielekee upande wa pili, lakini usimkatie kichwa, maana katikati ya chakula ataona aibu na kukitaka. Omena, dagaa wa ziwa letu, apewe siku ya pili, akishakuamini. Na usimsimamie mtu anayepambana na miiba. Nenda ukatafute ndimu, hata kama ndimu ipo mezani.

Baadaye hoteli ilinunua gari kuukuu, na mimi nikatolewa mezani ili niandamane na wageni wanaotaka kutembea. Dereva alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani, jina lake Chacha. Mimi sikukijua Kikuria, yeye Kijaluo alijua cha kununulia ndizi tu, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili na tukabaki humo miaka yote. Alikuwa mtu wa maneno machache na breki nzuri.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa Thimlich Ohinga, kule Migori, kwenye zile kuta za kale za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Nilikuwa nimejisomea wiki nzima. Niliongea kutoka Homa Bay mpaka Rongo, kutoka Rongo mpaka Migori, na kule kwenye kuta nikaongea zaidi. Wageni waliitikia kwa vichwa, kwa adabu. Tuliporudi na kuwashusha, nilimuuliza Chacha nimefanyaje.

"Wewe ni kama redio," alisema.

"Redio nzuri?"

"Redio nzuri sana. Lakini redio mtu hawezi kuiuliza swali."

Nilimnunia siku mbili. Safari iliyofuata nilifunga mdomo pale mlangoni. Milango ya zile kuta ni ya chini, huwezi kupita bila kuinama, na nimeona waheshimiwa wa kila aina wakiinama pale bila kuombwa. Safari hiyo mgeni mmoja, mama mwashi kutoka Kisii, alipita, akasimama ndani, akashika jiwe la juu ya mlango kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutueleza kwa nini halijaanguka. Sisi sote tulijifunza, mimi wa kwanza. Kama ningekuwa naongea, angenisikiliza tu na kwenda zake na ujuzi wake.

Tangu hapo nilijua kwamba kazi hii nusu yake ni kujua wakati wa kunyamaza. Kidimbwi cha Simbi, karibu na Kendu Bay, kifikieni asubuhi na mapema, heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, wakiwepo, na mwacheni mgeni asimame kwanza ndipo mumsimulie habari za kijiji kilichomnyima kikongwe mahali pa kulala kikazama. Kisiwani Mfangano nendeni asubuhi pia, kwa sababu mchana upepo huamka na ziwa hubadilika tabia. Mkiona mwendesha mashua anatazama mawingu badala ya kuwatazama nyinyi, msimharakishe. Niliwahi kukaa na wageni wenye hasira ufukweni kule Mbita mchana kutwa kwa sababu mzee wa mashua alikataa kuondoka. Walinilaumu mpaka mawimbi yalipoanza kurukia gati. Baada ya hapo walimnunulia mzee huyo soda.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Leso mbili, moja ya kukalia na moja ya kumfunika mgeni aliyelowa. Filimbi. Plasta. Chumvi na ndimu kwenye kifuko. Darubini niliyoachiwa na bibi mmoja mpenda ndege, ambayo jicho la kushoto halioni vizuri, kama mimi sasa.

Lakini kama ningeulizwa ni kazi gani iliyonifanya niijue kazi, ningewaambia habari za Mwalimu Mutiso.

Alikuja na binti yake, Mueni, kutoka Machakos. Alikuwa amefundisha jiografia katika shule moja ya hapa alipokuwa kijana, ndipo akahamishwa. Sasa alikuwa mzee mrefu mwenye tai na fimbo nyeupe. Ugonjwa wa macho ulikuwa umemaliza kuona kwake kote. Binti yake, mama mwenye watoto wake mwenyewe, alimshika mkono kuanzia garini hadi kwenye kiti, akamkatia mkate, akamkorogea chai, akamwambia kikombe kiko wapi. Mzee alishukuru kila mara. Niliona kwamba amechoka kushukuru.

Nilipowauliza wangependa kutembea wapi, mzee alijibu upesi, "Got Asego."

Kama hamjapanda Asego, basi hamjaanza kazi. Ni ule mlima mkali uliochongoka nyuma ya mji kama chungu kilichopinduliwa. Njia yake ina changarawe inayoteleza na nyasi zinazoficha mawe. Watu wa maombi huupanda wakiimba, na hata wao hufika juu bila pumzi ya kuimbia.

"Baba, hapana," Mueni alisema. "Mwezi uliopita ulianguka bafuni. Bafuni, Baba. Nyumbani kwako."

"Bafu lina maji. Mlima una mawe. Nimekuja kuona Asego, mama."

"Utaona nini, Baba?"

Hakusema kwa ubaya. Ilimtoka kama jambo linavyomtoka mtu aliyechoka. Lakini mzee akapapasa kikombe chake ambacho tayari alijua kiko wapi. Mueni alianza kulia, akaniomba msamaha mimi badala ya babake.

Nilitoka nje kwa Chacha, nikamweleza. Chacha alifikiri huku akifuta kioo kilichokuwa safi.

"Leo usiwapeleke mahali," alisema. "Wape chakula."

Tukawapeleka ufukweni, kwa mama mmoja aliyekaanga samaki chini ya paa la mabati. Samaki walipokuja, Mueni aliivuta sahani ya babake ili amtolee miiba. Mzee aliweka kiganja chake juu ya mkono wa binti, taratibu, akaurudisha kwenye sahani ya binti mwenyewe. Halafu akanawa, akamgusa yule ngege toka kichwani hadi mkiani kama mtu anayesoma, akaanza kula. Nimeona Wajaluo wengi wakila samaki. Sijaona aliyekula kwa utulivu namna ile. Vidole vilijua kila mwiba ulipo. Alipomaliza, mifupa ilibaki mizima kwenye sahani, umbo la samaki kamili.

Mueni, aliyekuwa na macho yake mawili, alikuwa amechomwa na miiba mara kadhaa. Aliitazama ile mifupa, akamtazama babake.

"Nani alikufundisha kula hivi?"

"Mamako," alisema mzee. "Hapa hapa. Mimi nilikuja huku sijui samaki ila wa kopo. Yeye alikuwa nesi, alikuwa ametangulia kuhamishiwa huku."

Mueni alikuwa hajui. Alijua wazazi wake walikutana kazini, lakini hakujua ni huku. Mamake alikuwa amefariki miaka michache kabla. Nikakumbuka kwenda kutafuta ndimu, na nilikaa huko nikiitafuta kwa muda.

Asubuhi ya pili Mueni alitokea akiwa amevaa raba. "Tutapanda mpaka pale nitakaposema basi," alituambia sote. "Nikisema basi, ni basi."

"Ni haki," mzee alisema.

Tulipanda kabla jua halijawa kali. Mimi mbele, nikimpa mzee ncha ya leso ashike ili ajue ninapopinda, Mueni nyuma yake, Chacha wa mwisho na maji. Nilitaja kila kitu: jiwe, nyasi, hatua ndefu, hatua fupi. Mzee alipanda vizuri. Lakini katikati ya mlima changarawe ilimkimbia chini ya mguu, akaanguka kwa goti. Mueni alipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni. Goti lilitoka damu. Nikalisafisha na kulifunga.

"Basi," Mueni alisema.

Nilitarajia mzee abishane. Hakubishana. Alikaa vizuri juu ya jiwe, akanyoosha tai yake. "Sawa, mama. Umesema basi. Awuor, niambie tu kutoka hapa kunaonekana nini, kisha tushuke."

Nilifungua mdomo, lakini Mueni aliniwahi. Alikuwa amesimama akimtazama babake, mtu aliyewahi kuendesha darasa zima kwa kutupa jicho tu, sasa amekaa akingojea kuambiwa. Sijui alichofikiri. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kutoka hapa mpaka juu, njia ikoje?"

"Ni kali. Lakini changarawe inaisha. Ni mwamba, mtu anaweza kushika kwa mikono."

Alichukua ile leso mkononi mwangu, akamfungia babake kiunoni, ncha nyingine akaizungusha kwenye kifundo cha mkono wake. "Shika bega langu, Baba. Si mkono. Bega."

Nikakaa kando wapite. Nilitaka kutangulia, Chacha akanishika kiwiko. Tukawafuata kwa nyuma, tukiwa tayari kudaka. Hawakutuhitaji. Walipanda wakiongea kwa Kikamba, nikasikia mzee akicheka.

Juu, upepo ulikuwa mwingi. Mzee alisimama, akavuta pumzi, akageuza uso mpaka upepo ukampiga sawasawa, na hapo akajua ziwa liko wapi.

"Siku mamako alipokubali kuolewa na mimi, tulikuwa hapa," alisema. "Alinifanya niahidi kwamba mtoto wetu wa kwanza tutamleta aone. Kila mwaka nikasema mwaka ujao. Kisha macho yakaniacha, kisha yeye akaniacha." Aliinamisha kichwa kidogo. "Uliniuliza nitaona nini, Mueni. Sikuja kuona mimi. Nimekuja uone wewe."

Mueni alimshika babake mkono, akaanza kumwambia anachokiona. Alimwambia mabati ya mji yanavyong'aa. Alimwambia gati, na mashua kama mbegu za tikiti juu ya maji, na magugu maji yaliyoelea kama bustani iliyopotea. Vilima vya Ruri aliviweka mahali pasipo pake, na vilima vya Gembe kule mbali akaviita kisiwa. Mzee, mwalimu wa jiografia, hakumsahihisha. Nami nilinyamaza.

Mzee aliendelea kuishi, nilisikia, akiwa mkali kama zamani, akikataa kukorogewa chai. Mueni alirudi Homa Bay na watoto wake likizo moja. Hakuhitaji mwongozaji. Alinialika chakula cha mchana tu, na nilimfurahia kuliko wageni wote walionihitaji.

Min Akoth tulimzika kwao Karachuonyo, na wapishi wa mji mzima walikuja kupika, kila mmoja akihofia marehemu ataonja. Chacha alistaafu kabla yangu, akarudi kwenye tumbaku na ng'ombe wake. Ninamshukuru Mungu kwa wote wawili. Mtu anaweza kufanya kazi maisha yake yote asipate hata mmoja wa kumwambia ukweli, nami nilipewa wawili, mmoja wa kunifungua mdomo na mwingine wa kuufunga.

Wageni wangu wa mwisho walitoka kwetu, Migori. Walikuwa akina mama wa Macalder, wachenjuaji wa dhahabu, wale wanaoinama mtoni na karai tangu asubuhi wakizungusha mchanga. Chama chao kilikuwa kimejiwekea akiba muda mrefu, si kwa ajili ya mabati wala masufuria safari hii. Walitaka siku moja ya kuwa watalii. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkavu wa mwili aitwaye Adhiambo, alinipigia simu mwenyewe. "Tunataka ile kitu wazungu hufanya," alisema. "Yote."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu hawakujua kukaa. Mezani, sahani zilipokuja, wawili walisimama kuzigawa. Walipomaliza kula, mmoja alikusanya vyombo, na nikamkuta jikoni amekunja mikono, anasugua sufuria, mpishi akimtazama kwa mshangao.

"Mama, wewe ni mgeni," nilimwambia.

"Najua. Lakini hii ilikuwa imeungua."

Nikamtoa kwa mkono. Niliwapeleka sokoni wakaulizia bei bila kununua, wakifurahia kukataa. Walipiga picha kwenye gati, wima kama askari. Mchana ulipoanza kupoa na upepo umetulia, nikawaingiza kwenye mashua. Wote walikuwa wamewahi kufika ziwani, upande wa Karungu, kununua samaki na kurudi na karai kichwani. Hakuna aliyewahi kuingia majini ili aingie tu.

Mwanzoni walishikana na kupiga kelele. Tulipofika mbali na ufuo, nikamwomba mwendesha mashua azime injini. Kukawa kimya. Furukombe, yule tai mla samaki, alilia mahali fulani kwenye miti ya ufukweni. Adhiambo alikuwa amekaa ukingoni. Akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza mkono wake ziwani mpaka kwenye kiwiko. Niliuona ule mkono, ngozi iliyokauka na kupasuka, kucha zilizoliwa na mchanga. Vidole vyake vilianza vyenyewe kuzunguka ndani ya maji, duara, duara, kama vinavyozunguka mtoni. Halafu vikasimama. Akaviacha vielee.

"Awuor," aliniita bila kugeuka. "Unajua sijawahi kuwa kwa maji bila kutafuta kitu?"

Wenzake walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mmoja baada ya mwingine wakakunja mikono ya magauni yao, wakaitumbukiza, pande zote mbili za mashua. Mwendesha mashua alinitazama akiuliza kwa macho kama awashe injini. Nikatikisa kichwa. Tukakaa pale, mashua ikigeuka polepole yenyewe, mikono yote ndani ya maji, na mimi nikautumbukiza wangu.